DIRISHA LIKIVUNJIKA: FUNGA NYUMBA, USIFUNGE NJIA

Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote tangu shuleni, na mara nyingi twaitumia kwa kufundisha habari za tabia njema. Lakini yeye aliyeitunga alikuwa na macho ya fundi: aliutazama ufa wenyewe, akautazama na ukuta wenyewe. Leo nasi twataka kutazama hivyo hivyo. Twataka kusema habari ya dirisha lililovunjika, ya mlango uliong'oka, na ya jamaa waliomo ndani ya nyumba iliyo wazi huku jua likikaribia kuchwa.

Kazi ya kuziba nyumba kwa haraka haina sifa. Hakuna seremala anayeonyesha watu kipande cha bati alichokipigilia dirishani usiku, akisema: Tazameni ufundi wangu. Walakini katika nchi yetu ya Kivu kazi hiyo imewakinga watoto wengi na mvua, na imewazuia wezi wengi mlangoni. Yafaa kila baba, kila mama na kila mwanafunzi aliye mkubwa aijue kabla siku yenyewe haijafika.

MJI ULIOJARIBIWA MARA NYINGI

Mji wa Goma umekaa kaskazini mwa Ziwa Kivu, katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Nyuma yake, kwa mwendo usiofika kilomita 20, wasimama mlima wa moto wa Nyiragongo. Ardhi ya mji ni mawe meusi ya volkano, magumu kuchimba. Kwa hiyo watu wengi hujenga nyumba za mbao na kuziezeka kwa mabati. Nyumba hizo ni nyepesi, haziporomoki upesi nchi inapotetemeka, tena zaweza kufumuliwa na kujengwa mahali pengine. Nyumba za matofali na za mawe zina uzito. Nazo zikitikiswa huonyesha nyufa kwanza penye pembe za madirisha na milango.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, sehemu ya uwanja wa ndege ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, mlima ulipasuka tena. Safari hiyo moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini kwa siku nyingi baadaye nchi ilitetemeka usiku na mchana. Kuta zilipasuka, vioo vilianguka, na nyumba nyingine ziliporomoka, katika Goma na ng'ambo ya mpaka katika mji wa Gisenyi. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya mji waondoke, nao wakaondoka kwa maelfu kwenda Sake, Gisenyi na Bukavu.

Kisha ikaja vita. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini, na kwa siku kadhaa mizinga na bunduki zililia kati ya nyumba za watu. Umeme ulikatika, maji yalikatika. Wafungwa wengi walitoroka gereza kuu la Munzenze, na maghala ya vyakula na ya dawa yaliporwa. Siku zile Askofu Willy Ngumbi wa Goma alitangaza kwa masikitiko makubwa ya kuwa makombora yameiangukia hospitali ya Charité Maternelle na kuwaua watoto wachanga. Ilikuwapo basi mitaa ambamo kioo kizima kilikuwa nadra, na milango iliyopigwa mateke ilining'inia kwa bawaba moja.

HOFU YA MWIZI NA HOFU YA MAUTI

Katika habari hizi zote jambo moja lajirudia. Mwaka 2002 watu wengi waliokimbilia Gisenyi walirudi baada ya siku chache tu, mawe yangali ya moto chini ya nyayo zao. Mwaka 2021 wako waliokataa kuondoka, na wako waliomwacha mtu mmoja nyumbani ili alinde. Ukiwauliza sababu, hawakusema ya kuwa hawauogopi mlima. Walisema: Nyumba iko wazi, tutaibiwa.

Tusiwacheke. Kwa jamaa maskini, magodoro mawili, cherehani moja na masufuria ni kazi ya miaka mingi. Lakini hapo ndipo ilipo maana ya makala hii. Nyumba iliyofungwa vizuri humpa mwenye nyumba nafasi ya kuondoka. Aliyefunga madirisha yake akaweka na komeo imara aweza kuwachukua watoto wake na kwenda anapoamriwa, bila ya kugeuka nyuma kila hatua. Mbao tunazopigilia zatulindia vyombo, ndiyo, lakini faida yake iliyo kubwa ni kwamba zatufungua miguu. Mali hutafutwa tena, roho haitafutwi.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyumba iliyozibwa hata watu wa ndani wasiweze kutoka imezibwa vibaya, ijapokuwa mbao zake ni nzuri na misumari yake ni mirefu. Mambo hayo mawili twende nayo pamoja mpaka mwisho.

KIOO HUVUNJIKA MBALI NA MLIPUKO

Wanafunzi hutuuliza: Mbona kombora lilianguka mtaa mwingine, na dirisha letu limevunjika? Jibu ni hili. Mlipuko husukuma hewa kwa nguvu, na hewa hiyo husafiri kama wimbi la ziwani. Ukuta hustahimili wimbi hilo, lakini kioo ni chembamba na hakipindiki, basi hukatika. Tarehe 4 Machi 2012 ghala la silaha lilipolipuka mtaani Mpila katika Brazzaville, vioo vilivunjika hata Kinshasa, upande wa pili wa mto Kongo.

Mfano mwingine watoka mbali zaidi, nao wawafaa sana wenye kukaa darasani. Tarehe 15 Februari 2013, asubuhi, jiwe kubwa kutoka mbinguni lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk katika Urusi. Kwanza watu waliona mwanga mkali kuliko jua. Wengi walikimbilia madirishani kutazama. Mwanga hufika mara moja, lakini kishindo huja polepole. Kilifika baada ya dakika mbili na zaidi, kikawavunjia vioo usoni. Watu wapatao 1,500 waliumia, na wengi wao waliumizwa na vioo. Lakini mwalimu mmoja, Yulia Karbysheva, alipouona mwanga ule aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Watoto wote walitoka wazima. Mwalimu mwenyewe alikatwa mkono kwa kioo. Na kwa kuwa ulikuwa wakati wa baridi kali, watu wa mji ule walianza siku ile ile kuziba madirisha yao kwa mbao na plastiki.

Basi kila mtoto na ajifunze: ukiuona mwanga wa ghafula au ukiusikia mlipuko, usiende dirishani. Lala chini, mbali na kioo, nyuma ya ukuta, ufunike kichwa kwa mikono. Tena ajue kwamba ubao hauzuii risasi. Mbao za dirisha zazuia mvua, upepo na mkono wa mwizi tu. Kama bado kuna mapigano, acha dirisha livunjike, nawe ukae chini penye kuta mbili kati yako na njia. Kazi ya kuziba huanza mapigano yakiisha kunyamaza.

KABLA YA KUSHIKA NYUNDO

Mtu mwenye haraka hukimbilia nyundo. Mtu mwenye akili kwanza huizunguka nyumba yake kwa nje na kuitazama. Atazame mambo matatu.

La kwanza ni ukuta. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari waonyesha ya kuwa ukuta umechoka. Mlango uliofungika vizuri jana, na leo unakwama juu, waonyesha kwamba miimo yake imepinda. Kama kizingiti cha juu kimelegea, usipigilie kitu hapo, maana kishindo cha nyundo chaweza kukiangusha. Kwanza simamisha nguzo imara chini yake, au lala kwa jirani usiku huo.

La pili ni vitu vigeni. Baada ya vita yawezekana kukuta chuma cha ajabu chini ya dirisha, au katikati ya mawe, au juu ya dari. Usikiguse, usikisogeze kwa ufagio, wala usimtume mtoto akakiokote. Weka alama kwa mbali, zuia watu, kisha wapashe habari wenye kujua kazi hiyo.

La tatu ni jua. Hesabu saa zilizobaki kabla ya giza. Kama ni saa mbili tu, usianze na dirisha la sebuleni kwa sababu laonekana na wapita njia. Anza na chumba wanamolala watoto na wagonjwa, kisha mlango, kisha madirisha yaliyo chini yanayofikiwa na mkono wa mtu. Yaliyo juu yatangoja kesho.

KUONDOA VIOO

Kioo kilichovunjika kina hila. Kile kilichoanguka chini chaonekana, lakini kile kilichobaki katika fremu hungoja mkono. Kwa hiyo watoto watoke, na anayefanya kazi avae viatu na kujifunga vitambaa vinene mikononi kama hana glavu. Aanze juu, ashuke chini. Akianza chini, kipande cha juu kitamwangukia kama kisu. Vipande visivyotoka kwa mkono avifunike kwa gunia na kuvigonga polepole vielekee nje.

Vioo vyote na viwekwe ndani ya ndoo ya zamani au sanduku, siyo shambani wala katika njia ya kwendea choo, kwa maana watoto wetu hutembea miguu mitupu. Baada ya kufagia, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, kisha ukitupe kitambaa hicho. Kung'uta mablanketi nje. Chakula na maji yaliyokuwa wazi karibu na dirisha usiyatumie, hata kama huoni kitu ndani yake. Kitanda cha mtoto mchanga kitazamwe kwa taa, mkunjo kwa mkunjo.

KUZIBA DIRISHA KWA MBAO

Katika Goma mbao za mikaratusi hupatikana sokoni, na vijana wa chukudu huzileta mpaka mlangoni. Pima tundu la dirisha, kisha kata kila ubao uzidi tundu hilo kwa upana wa kiganja upande huu na upande huu. Anza kupigilia chini, na ubao wa juu uupande kidogo ule wa chini yake, kama yalivyo mabati ya paa. Hivyo maji ya mvua yatateremka nje, hayataingia katikati.

Piga misumari katika fremu ya mti. Msumari uliopigwa katika tofali hushika siku mbili tatu, kisha hulegea, nao huacha ufa mpya. Pasipo fremu ya mti, kama dirisha ni la chuma, tumia njia hii: mbao zikae nje, ndani uweke vipande viwili vya mti virefu kuliko upana wa dirisha, vikiegemea ukuta pande zote mbili, kisha funga mbao za nje na vipande vya ndani pamoja kwa waya mnene au kwa boliti ndefu. Kichwa cha boliti kiwe nje na nati iwe ndani. Mwizi wa nje hatapata cha kufungua, na wewe wa ndani utafungua bila kutafuta nyundo. Njia hii haitoboi ukuta hata kidogo, nayo yafaa hasa kwa mwenye nyumba ya kupanga.

PASIPO NA MBAO

Siku ya taabu mbao hupanda bei au hukosekana kabisa. Hapo tumia ulicho nacho. Mlango wa kabati, ubao wa meza, bati la zamani lililonyoshwa, vyote vyafaa. Bati likunjwe kingo zake ili zisikate mtu.

Turubai, ambalo kwetu huitwa shitingi, huzuia mvua lakini halizuii mwizi. Kwa hiyo liweke katika madirisha ya juu au yale yenye vyuma. Watu wengi hulipigilia moja kwa moja, na upepo wa kwanza kutoka ziwani hulirarua penye kila msumari. Fanya hivi: kunja ukingo wake mara mbili, weka ufito juu ya mkunjo, kisha piga misumari kupitia katika ufito. Livute liwe kama ngozi ya ngoma. Ukingo wa chini uachwe ushuke nje ya kizingiti, ili maji yadondoke nje wala yasiingie ukutani. Plastiki nyeupe ipitishayo nuru yafanywa vivyo hivyo, nayo yafaa sana kwa darasa la shule. Makaratasi magumu ya maboksi yafaa kwa usiku mmoja, kwa ndani tu. Mvua ikiyapata, yamekwisha.

MLANGO ULIOVUNJWA

Mlango ukipigwa teke, mara nyingi ubao wenyewe hubaki mzima. Kilichovunjika ni mwimo pale kitasa kiliposhika. Basi usihangaike na kitasa usiku ule. Pigilia vishikizo viwili imara ndani, huku na huku, upitishe mti mmoja mnene ukingamana na mlango. Komeo hili la wazee wetu lina nguvu kuliko vitasa vingi vya dukani. Ongeza kabari ya mti chini ya mlango. Kama bawaba imeng'oka na mti umepasuka hapo, usirudishe misumari katika matundu yale yale. Isogeze bawaba juu au chini, penye mti mzima.

Kama mlango haupo kabisa, tengeneza mwingine kwa mbao zilizosimama, zikishikwa na mbao tatu za kukingama: juu, kati na chini. Kisha tia ubao mmoja wa mshazari, uanzie chini upande wa bawaba na kupanda mpaka juu upande wa komeo. Ukiugeuza ubao huo, mlango utashuka pembe kabla ya mwezi kwisha. Misumari iwe mirefu ipenye upande wa pili, na ncha zake zikunjwe kwa nyundo. Msumari uliokunjwa ncha hang'oi mtu kwa urahisi.

NJIA YA KUTOKEA NA NJIA YA HEWA

Sasa twafika penye jambo tulilolitaja mwanzo. Usiku ule hofu ya wezi ni kubwa, na mwenye nyumba hutamani kupigilia kila kitu, hata mlango, kwa ndani. Asifanye hivyo. Nchi yaweza kutetemeka tena saa nane ya usiku. Mshumaa waweza kuanguka juu ya chandarua. Amri ya kuondoka yaweza kutolewa. Katika nyumba ya mbao moto hauwangoji watu watafute nyundo gizani.

Kwa hiyo tushike sheria hizi. Mlango mmoja angalau ufungwe kwa komeo la kuinua kwa mkono, lisilo na ufunguo wa kutafutwa. Katika kila chumba cha kulala chenye dirisha, dirisha hilo lizibwe kwa namna inayofunguka toka ndani. Na kila mtoto ajuaye kusema afundishwe kuliinua komeo hilo akiwa amefumba macho. Kama mti ni mzito mno kwa mikono yake, tafuta mti mwingine. Fundisho hili huchukua dakika tano, nalo lapita misumari mia.

Hewa nayo yataka njia. Usiku wa Goma una baridi, na nyumba iliyozibwa hutia tamaa ya kuingiza babula ya makala ndani ili watoto wapate joto. Makala yenye kuwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, halafu haamki. Katika nyumba yenye madirisha mabovu hewa hiyo hutoka yenyewe. Katika nyumba uliyoiziba kwa bidii hubaki pamoja nawe. Basi babula ilale nje, hata kama makala yaonekana yamekufa, na juu ya kila dirisha lililozibwa paachwe nafasi ya vidole vitatu chini ya paa.

Watu wa Goma na Sake wanayo sababu nyingine tena, nayo ni mazuku. Mazuku ni hewa nzito itokayo ardhini penye volkano. Hulala mabondeni na mashimoni, na imekwisha kuua watu na mifugo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Nayo si moja na ile ya makala, walakini zote mbili hazionekani kwa macho. Mwenye nyumba mahali pa chini panapojulikana kuwa na mazuku asiwalaze watoto sakafuni, azibe nyufa za sakafu, wala asiifunge nyumba hata hewa isipite. Akiwa na shaka, na aulize wataalamu wa uchunguzi wa volkano walioko mjini.

NYUMBA YA JIRANI

Kazi hii haimalizwi na mtu mmoja. Kushika ubao kunataka watu wawili, na siku ya taabu wako wasio na wa pili: mjane, mzee, mama ambaye mumewe hajarudi. Katika nyumba kumi zetu twajuana. Yafaa watu wakubaliane mapema nani ana msumeno, nani ana nyundo, nani ana ngazi, na nyumba ya nani itatangulia. Vijana wenye nguvu wakigawanyika wawili wawili waweza kuziba nyumba nyingi kabla ya giza. Baada ya nyumba za wanyonge, zahanati na shule zisisahauliwe, kwa maana darasa lililo wazi hupoteza madawati yake usiku mmoja, na watoto hukosa masomo miezi mingi.

Kwa wenye kuuza twasema hivi: mfanya biashara ana haki ya faida yake, lakini anayetoza misumari mara tatu ya bei kwa sababu dirisha la jirani limevunjika amekuwa ndugu wa yule aliyelivunja. Na kwa wenye kununua twasema: tahadharini na mlango unaouzwa rahisi njiani siku mbili baada ya uporaji. Mwaka 2025, kambi za wakimbizi zilipovunjwa, jamaa nyingi zilirudi kwao Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na baadhi yao walikuta kuta tupu. Mlango ule wa bei rahisi huenda ni wao. Ubao wa wizi hauwezi kuzuia wizi. Huuendesha mbele hata nyumba nyingine.

MBAO ZA MUDA ZISIWE ZA MAISHA

Mwisho, tukumbuke ya kuwa mbao hizi ni kama kitambaa juu ya kidonda. Kidonda kikipona, kitambaa huondolewa. Nyumba iliyoachwa gizani mwaka mzima huwa na unyevu, watoto hukohoa, mwanafunzi huchosha macho akisoma kwa mwanga wa ufa. Mara mambo yanapotulia, fungua dirisha moja moja na kulitengeneza. Wakati huo ni heri kuweka vioo vidogo vingi kuliko kioo kimoja kikubwa, maana kidogo huvunjika peke yake na bei yake ni nafuu. Gundi ya karatasi iliyobandikwa juu ya kioo haizuii kisivunjike, lakini hushika vipande visiruke mbali. Pazia nene lililofungwa usiku hufanya kazi hiyo hiyo.

Tena kila jamaa iwe na sanduku moja dogo mahali panapojulikana na wote: nyundo, misumari ya namna mbili, waya, fito chache, kipande cha turubai, mshumaa na kiberiti, na vitambaa vya kufunga mikono. Vitu hivi ukivinunua kimoja kimoja siku za amani ni rahisi. Ukivitafuta siku ya taabu, havipatikani.

Hatujui siku wala saa ambayo mlima utanguruma au bunduki zitalia tena. Twaomba visitokee. Lakini kuomba hakumzuii mtu kunoa msumeno. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kulala, mwite mtoto wako mdogo kuliko wote penye mlango, umzimie taa, umwambie: Fungua. Akiweza, nyumba yako imefungwa vizuri. Asipoweza, kazi yako ya kwanza iko hapo.